Njia Aliyoinyoa Kaka Yangu

Kaka yangu ni kinyozi, na tangu nimjue hajawahi kuvumilia kitu kilichoota ovyo. Nyusi zako zikikaribia kukutana, ataziona kabla hajakuona wewe. Mtoto akipita barabarani nywele zimesimama upande mmoja, kaka hutoka na kitana mkononi, akamsimamisha, akamchana bure, ndipo amwache aende zake. Tumeishi nyumba moja tangu mkewe afariki. Yeye ana chumba cha mbele, chenye viti viwili vya kunyolea na kioo kilichopasuka pembeni. Mimi nina chumba cha nyuma, na humo mna mabeseni, pasi na nguo za watu. Mimi ni dobi. Kwa hiyo nyumba yetu hupokea watu wachafu ikatoa watu safi, na ungedhani ndugu wa namna hiyo wangeelewana. Hatukuelewana, hasa kuhusu njia.

Nyuma ya mtaa wetu, ukishapita ukuta wa mwisho na matangi ya maji, kuna ukanda wa ardhi ambao hakuna aliyewahi kuujenga. Una mteremko mkali, na upande mmoja unaingia kwenye mikoko. Zamani palikuwa kichaka kitupu. Ukitaka kwenda ufukweni ulizunguka barabara kuu, ukala vumbi la malori, na ukifika baharini huna hamu nayo tena. Enzi hizo kaka alikuwa kijana. Mchana jua likiwaka na wateja wakipotea, alifunga duka akakaa kupiga miayo. Siku moja akachukua panga na mkasi mkubwa wa bustani, akaingia kichakani. Alirudi shati limechanika, ananuka majani, uso umeridhika kama wa mtu aliyeshiba. Kesho yake akarudi tena, na keshokutwa.

Mwishowe njia ikatokea mchangani na watu wakaanza kuifuata. Walikuja akina mama wa kukimbia asubuhi, wanafunzi, wazee walioambiwa na daktari watembee, na wapenzi ambao hawakuambiwa na mtu. Wenye nyumba waliokuwa wameugeuzia ukanda ule mgongo wakatoboa kuta zao wakaweka milango midogo ya nyuma.

Kwa kuwa aliifungua yeye, aliipa majina yeye, na majina yenyewe ni ya kinyozi. Mwanzo wake, hapo nyuma ya nyumba, ni Kisogoni. Inapokunja na ghafla unasikia mawimbi ni Sikioni. Juu kabisa penye mivinje, ambako upepo haupumziki na bahari yote unaiona, ni Utosini. Kutoka hapo inashuka moja kwa moja mpaka ufukweni, udongo mwekundu mtupu, na hapo panaitwa Pajini, kwa sababu ni paji la uso. Watoto wa mtaa huu wanakua wakidhani kila njia duniani ina kisogo.

Hakusema anafyeka, alisema ananyoa. Kila wiki alinyoa njia nzima, kingo zikanyooka kama mstari wa nywele za bwana harusi. Pajini ndiko alikozidisha. Kila kijiti kilichothubutu kuchipua pale alikikata mpaka kwenye ngozi.

"Kaka, yaache hayo majani," nilimwambia kila mwaka. "Mtu akiteleza hapo atashika nini?"

"Atashika adabu," alinijibu. "Paji la uso halioti nywele."

Na watu waliteleza kwelikweli. Suruali ngapi nimezipokea zina udongo mwekundu kwenye makalio, na mwenyewe anaangalia pembeni, anasema alikaa mahali pabaya. Sikuwauliza. Nilijua wametoka Pajini, na nilijua wa kulaumiwa yuko chumba cha mbele anapiga mluzi.

Ugonjwa ulimkuta kazini. Aliyekuwa kitini ni rafiki yake, dereva mstaafu wa malori tunayemwita Upara. Kichwani hana unywele hata mmoja, lakini dukani haachi kwenda, maana ana ndevu na ana maneno. Kaka alikuwa ameshamaliza shavu moja. Mashine ikamdondoka, mdomo ukaenda upande, naye akateremka sakafuni taratibu huku ameushikilia mkono wa kiti. Kilikuwa kiharusi. Upara ndiye aliyembeba mpaka kwenye gari, kitambaa cha kunyolea kikiwa bado shingoni mwake.

Upara alikaa na ndevu za upande mmoja muda wote kaka alipokuwa hospitalini. Wauguzi walimcheka, wajukuu wake wakamkimbia, mkewe akamwambia achague moja, ndevu au nyumba. Yeye akasema kazi ile ina mwenyewe na mwenyewe ataimalizia. Na kweli, kaka aliporudi nyumbani, jambo la kwanza alilofanya ni kumkalisha Upara kitini na kumalizia shavu la pili kwa mkono wa kushoto. Alimkata kidevu. Upara akaitembeza plasta ya kidevuni mtaani siku nzima kama nishani, kisha akazifuga ndevu upya.

Ila mkono wa kulia ulibaki umelala, na mguu wa kulia ukawa mzito wa kuburuta. Ndipo mwanawe akaja. Ni mhasibu, anaishi mji wa mbali, ghorofa ya sita, kwenye jengo lenye lifti. Ni mtoto mzuri, na hilo ndilo lililoniudhi, kwa sababu mtoto mbaya ungeweza kumfukuza.

"Shangazi," aliniambia tukiwa jikoni, "mgongo wako wenyewe unalalamika. Baba akianguka bafuni utamwinua vipi? Kwangu kuna mtu wa kumsaidia, hospitali iko ng'ambo ya barabara."

Nikamwambia kola yake imefubaa.

Ukweli niliujua. Kaka akiwekwa ghorofa ya sita, atakaa dirishani atazame mapaa ya watu mpaka akili imlale kama ule mkono. Nami ningebaki na chumba cha mbele kisicho na mluzi. Niliogopa, na sioni aibu kusema hivyo.

Kaka alitusikia. Akaja mlangoni na fimbo yake, akaegemea fremu. "Tukubaliane," alimwambia mwanawe. "Ukija likizo, nitakwenda ufukweni kwa njia yangu na nitarudi. Bila kushikwa na mtu. Nikishindwa, naingia mwenyewe kwenye gari lako na sitanung'unika. Nikiweza, unaniacha hapa na hunisumbui tena."

"Baba, unatania."

"Basi huna cha kuogopa."

Mwanawe akanitazama mimi, nami nikatazama sufuria. Akakubali.

Tukaanza. Mama mmoja wa mazoezi ya viungo alikuja kumfundisha kupiga hatua na fimbo, kwanza mpaka getini, kisha mpaka kwenye matangi. Siku tuliyofika Kisogoni kaka alisimama akakunja uso. Mvua zilikuwa zimenyesha na kuisha, na hakuna aliyeigusa njia. Majani yalikuwa yamefunga kingo zote, na watu wamerudia barabara kuu.

"Nani ameiacha njia ikawa hivi?"

"Wewe," nikamwambia. "Ulikuwa umelala."

Alipandwa na hasira akakipiga kichaka fimbo, na pale pale akapepesuka. Mkono wake wa kushoto ukaiachia fimbo, ukadaka kichaka kile kile alichokipiga, na kichaka kikamshikilia. Alisimama pale akihema, ngumi imejaa majani, kisha akakitazama kama mteja aliyemlipa bila kuambiwa. Nami kwa mara ya kwanza maishani nilijizuia kusema "nilikuambia".

Kuanzia hapo tulikwenda kichaka kwa kichaka. Alivijua kama anavyojua vichwa: hiki kigumu, hiki cha miba, hiki kinalegea ukikivuta. Kila asubuhi tulisogea kidogo mbele ya jana. Na kwa kuwa alikwenda polepole, alianza kuona vitu. Sikioni, kwenye tawi la mkoko, kulikuwa na mdiria, yule ndege wa buluu mwenye mdomo mrefu. Kaka akamkodolea macho.

"Huyu amehamia lini?"

"Ameanza kuishi hapa kabla ya mwanao kuzaliwa," nikasema. "Wewe ulikuwa unatazama majani."

Tukamwona kila siku baada ya hapo. Tuliona pia kaa wadogo wekundu wakikimbilia mashimoni tukikaribia, na maua ya zambarau ambayo kaka alikiri, kwa shida, kwamba alikuwa ameyakata kwa miaka bila kujua yana harufu. Mimi nilikuwa nikienda nyuma yake nimetanguliza mikono mbele, nimekatazwa kumgusa. Mabega yaliniuma kuliko siku ya mashuka ya hoteli.

Pajini tulipaogopa kuliko kote. Lakini mvua zilikuwa zimefanya yale ambayo kaka hakuwahi kuziruhusu. Udongo ule mwekundu ulikuwa umeota vichaka vya kufika kifuani, huku na huku. Kushuka alishika vya upande mmoja, kupanda akashika vya upande wa pili, na asubuhi moja miguu yake ikafika kwenye mchanga. Akatembea mpaka wimbi likamlowesha viatu. Akalia, nami nikalia, kisha tukarudi nyumbani tukanywa chai.

Kuhusu dau mtaa mzima ulijua, lakini kwamba anashuka kwa kushika majani hatukumwambia mtu. Tulitaka mwanawe aje ajionee kwa macho yake, na siri hiyo ndiyo iliyotuponza.

Mwanawe aliwasili jioni ya Jumamosi. Kaka akaniambia nimpigie pasi suruali yake ya rangi ya maziwa, ile anayoipenda, na nimfungie begi. "Liweke kabisa kwenye gari," alisema. "Asije akadhani ninacheza naye." Nililifunga kwa hasira, nguo nikizisokomeza, mimi dobi.

Asubuhi tulitoka watatu. Kisogoni tukamkuta Upara amesimama na wateja kadhaa wa kaka, mapanga na reki mikononi, mashati yamelowa jasho, nyuso zimejaa furaha. Nyuma yao njia ilikuwa inang'aa, na kingo zimenyooka. Hapakuwa na jani lililovuka mstari.

"Tumeanza alfajiri," alisema Upara. "Tumesema leo mwenyewe anapita, haiwezekani apite kwenye msitu akajikwaa. Tumekunyolea yote, mpaka Pajini. Pajini tumepaacha kama kichwa changu."

Ningekuwa na fimbo ile mimi, Upara angeikimbia. Nilimgeukia kaka.

"Mmefanya kazi safi," akasema. Angesema nini? Ndivyo alivyowafundisha mwenyewe miaka yote ile.

Akatangulia. Kisogoni ni tambarare, fimbo ilimtosha. Sikioni alisimama kidogo, mdiria alikuwepo, akaendelea. Mwinuko wa Utosini ulimtoa jasho na alipumzika mara nyingi, lakini alifika. Sisi wengine tulimfuata. Kisha tukapaona Pajini, pekundu, laini, patupu kutoka juu hadi chini. Kaka akasimama ukingoni, fimbo ameibana kwapani. Nikauona mkono wake wa kushoto ukifumbuka na kufumbika hewani, ukitafuta.

Mwanawe akamsogelea. Hakumcheka wala hakujigamba. "Baba, inatosha," alisema kwa upole. "Umefika mbali kuliko nilivyotegemea. Turudi nyumbani."

"Kuna nini?" Upara aliniuliza kwa sauti ya chini. "Tumekosea?"

"Alikuwa anashika majani," nikamwambia. "Ndivyo anavyoshuka. Ndivyo anavyopanda pia."

Upara akashika kichwa chake kwa mikono miwili, akachuchumaa.

Kaka alitazama chini kwenye mchanga, kisha akaitazama suruali yake. Huyu ni mtu ambaye unywele mmoja ukimwangukia pajani anasimamisha kazi. Akaitupa fimbo. Ikabingirika mteremko mzima ikatulia kule chini. Kisha akapinda goti zima, akatanguliza mkono wa kushoto, akakaa chini kwenye udongo mwekundu na suruali niliyoipiga pasi mwenyewe. Akajisukuma.

Aliteleza, akasimama, akajisukuma tena kwa mguu mzima. Katikati ya mteremko tukasikia sauti ambayo hatukuwa tumeisikia tangu augue. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka chini, akatambaa mpaka kwenye fimbo, akaanza kuinuka. Kuinuka kule kulichukua muda mrefu. Mwanawe alipiga hatua ya kwenda, nikamkamata shati kwa nyuma. Kaka akasimama. Akaenda akatia viatu majini, akageuka.

Kupanda sasa. Aliichomeka fimbo nyuma ya shati akaanza kwa magoti na mkono mmoja. Akapanda kidogo, akateleza akarudi. Akapanda tena, akateleza. Mara ya tatu alibaki amelala kifudifudi, shavu kwenye udongo, mgongo unapanda na kushuka. Niliona ile ghorofa ya sita. Niliona begi kwenye gari.

Mwanawe akalitoa shati lake mikononi mwangu. Akakaa chini, na suruali yake ya ofisini, akateleza mpaka alipo baba yake.

"Ukinishika nimeshindwa," kaka alisema bila kuinua uso.

"Sikushiki." Alichimbia visigino kwenye udongo, akajiegemeza kwenye mteremko hatua moja juu ya baba yake, mikono ameificha nyuma. "Ulisema usishikwe na mtu. Hukusema usishike. Mimi ni kichaka tu, baba. Shika."

Kaka akanyanyua uso. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto, akakamata mkanda wa suruali ya kijana wake, akajivuta.

Upara ndiye aliyekuwa wa pili kuelewa. Aliteremka kwa kishindo, akajipanga juu ya yule kijana, akachimbia viatu, mikono nyuma. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja mpaka juu. Wale wale waliofyeka vichaka asubuhi wakasimama mahali pa vichaka, na hakuna aliyenyoosha kidole kumgusa. Kaka akapanda. Akashika mikanda, akashika vifundo vya miguu, akashika pindo la shati likachanika, na palipokosekana kitu kingine akashika ndevu za Upara. Upara alitoa machozi lakini hakusogea.

Mimi nilikuwa wa mwisho, Utosini. Alishika gauni langu, akajivuta, akaketi miguuni pangu, mwekundu kuanzia nywele hadi viatu.

"Haya kaka," nikamwambia, na sauti ilikuwa inanitoka vibaya kwa kilio. "Umeshika nini?"

"Adabu," akasema, akihema.

Tuliporudi nyumbani mwanawe alikwenda moja kwa moja kwenye gari. Akafungua buti, akatoa begi, akalibeba mpaka chumbani kwa baba yake na kuanza kuzipanga nguo kabatini. Nilisimama mlangoni nikijifanya natafuta vibanio vya nguo.

"Shangazi," alisema bila kugeuka, "hizi nguo umezikunja vibaya sana."

Nikamwambia yeye ahesabu pesa za watu, nguo aniachie mimi.

Sasa Pajini hapaguswi. Kaka ametoa amri hiyo mwenyewe, na Upara ndiye askari wake, maana amepanda vichaka pale kwa mikono yake na huvimwagilia kila asubuhi huku akiviomba radhi. Vimefika magotini. Sehemu nyingine kaka bado ananyoa, kwa mkono wa kushoto, na kingo zimepinda kama kichwa cha mtoto asiyetulia kitini. Hakuna aliyelalamika. Mdiria yupo.

Mpaka majani yarefuke, kaka anashuka kwa makalio, na suruali yake moja nimeitia kiraka kinene kwa ajili ya kazi hiyo. Kupanda, kila siku kuna mtu wa kusimama, kwa kuwa asubuhi njia ile haikosi watu na wote wanajua namna ya kuwa kichaka. Suruali ya mwanawe aliiacha kwangu siku ile. Niliifua, nikaipiga pasi, nikampigia simu kumuuliza niitume kwa nani. Akasema nisiitume. Niitundike nyuma ya mlango wa baba yake, ataihitaji akija.